Mkaa na Chokaa

Mtu mmoja alikuwa na ukuta. Alikuwa na mashine ya kusaga pia, na mashine ndiyo iliyomlisha, lakini mfano huu ni wa ukuta. Mtu huyo alikuwa mjane, jina lake Mkawasi, naye aliishi katika nchi ya vilima ambako kila kilima kina watu wake. Mashine yake ilikuwa kwenye kilima cha chini kabisa. Mbele ya mashine palikuwa na ukuta mrefu uliopigwa lipu na marehemu mumewe, na watu waliosubiri zamu ya kusaga waliuegemea.

Kusubiri unga kunachosha, nanyi mnajua mtu aliyechoka kusubiri hufanya nini. Huongea. Akikosa wa kuongea naye, huandika. Siku moja mtu aliokota kipande cha mkaa akaandika ukutani kwamba mkutano wa kamati ya mfereji umeahirishwa tena. Aliyemfuata akaandika chini yake kwamba haukuahirishwa, ulifanyika nyumbani kwa mwenyekiti. Mwingine akaandika waliokuwepo. Mkawasi alitoka ndani, unga umemjaa hadi kwenye kope, akasoma yote, akarudi kwenye mashine yake. Kesho yake aliweka kikapu cha mkaa chini ya ukuta.

Yeye mwenyewe hakuandika neno. Aliweka sharti tu, kwamba mwenye kuandika aweke alama yake chini ya neno lake, na anayeona neno ni la uongo achukue mkaa aandike jibu pembeni. Kufuta neno la mwenzako, hapana. Basi wengine walichora jembe, wengine kuku, na waliokwenda shule waliandika majina yao kwa mikogo. Sitawaambia kwamba yote yaliyoandikwa pale yalikuwa dhahabu. Kulikuwa na bwana aliyeandika kila mara kwamba mbuzi wa jirani yake ni mchawi. Lakini mtu wa kilima cha chini akitaka kujua wakubwa wameamua nini juu ya maji yake, hakuwa na mahali pengine pa kujua. Kamati ilikutana, ikala, ikaondoka, wala haikumwambia mtu.

Sasa niseme habari za maji. Mfereji wa nchi ile ulichimbwa na mababu kutoka chemchemi ya juu, ukapita vilima vyote hadi chini, na kila kilima kilikuwa na zamu yake. Zamu yako ikifika, mlango wa mfereji wa kilima chako hufunguliwa na milango mingine yote hufungwa. Mwenye kuilinda zamu ni mwenyekiti wa mfereji, naye huchaguliwa na watu wa vilima vyote mvua za vuli zinapokaribia. Wakati ule mwenyekiti alikuwa Mwachofi, mtu wa kilima cha juu, mwenye shamba la kabichi lililonawiri hata katikati ya kiangazi. Watu walisema ana mkono wa baraka. Walimwambia hivyo hata usoni, naye alikubali.

Kwenye kilima cha chini kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Righa. Maharagwe yake yalikuwa yanachanua, na maharagwe yanayochanua hayajui subira. Zamu ya kilima chake ilifika, maji hayakufika. Yalikuja matope ya kulowesha nyayo tu. Zamu iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Akawauliza wanakamati, wakamwambia chemchemi imepungua, amwombe Mungu. Righa akamwomba Mungu, kisha akafunga leso kiunoni akaufuata mfereji kwenda juu, kilima baada ya kilima, mpaka nyuma ya shamba la Mwachofi. Pale, chini ya majani ya migomba yaliyolazwa kwa uangalifu, alikuta mlango ambao mababu hawakuuchimba. Ulikuwa wazi, na maji ya zamu yake yalikuwa yanaingia kwenye kabichi. Akashuka hadi mashineni. Akaandika: "Zamu yetu inanywewa na kabichi za mwenyekiti. Ana mlango wa siri nyuma ya shamba lake, kaufunika kwa majani ya migomba. Kamati inajua." Akachora jembe lake chini ya maneno hayo, akaenda zake kuwapikia wanawe.

Mwachofi alipata habari kabla unga wa siku ile haujapoa. Hakushuka kwenda kilima cha chini. Alikwenda mjini, akarudi na wakili aliyevaa koti jeusi kwenye jua la saa sita, na nyuma yao mpagazi alibeba debe la chokaa. Wala hawakumtafuta Righa. Mtu mwenye hila hamfuati mwandishi mmoja, kwa maana akimnyamazisha huyo, kesho ataandika mwingine. Humfuata mwenye ukuta.

Wakili alimwambia Mkawasi kwamba ukuta ni wake, kwa hiyo kila neno lililo juu yake ni neno lake. Aufute, na asiruhusu mkono wowote kuuandika mpaka uchaguzi upite. La sivyo atashtakiwa kwa kumvunjia heshima mwenyekiti, na fidia watakayoidai haitatoshelezwa hata mashine ikiuzwa pamoja na nyumba. Aliyasema hayo kwa upole mkubwa, kama mtu aliyekwisha kuyasema mahali pengi na kuona yanafanya kazi. Kisha wakamwachia lile debe la chokaa. Walisema ni msaada.

Angalieni sasa kilichotokea, na mkiangalie vizuri. Kesi haikuwa imefunguliwa. Hakuna hakimu aliyesikia lolote. Lakini watu waliokuja kusaga kesho yake walisimama mbali na ukuta kana kwamba una moto. Yule bwana wa mbuzi mchawi alikuja akafuta alama yake kwa kiganja. Watu ambao hawakuwahi kumtaja Mwachofi walifuta maneno yao pia. Mtu mmoja alikuwa ameandika kwamba mkutano ujao ni Jumanne, akafuta hata Jumanne. Hivyo ndivyo tishio linavyokula, ndugu zangu: humtaja mmoja, likashiba kwa wote. Kufikia jioni ukutani palibaki maneno ya Righa peke yake, na jembe lake.

Mkawasi aliogopa, na sitampamba ili nimfanye simba. Mashine ile ndiyo iliyokuwa mume wake baada ya mumewe. Alifungua debe, akakoroga chokaa kwa maji, akashika brashi. Akiwa amesimama hivyo Righa alifika, leso mkononi, macho mekundu.

"Futa tu, Mama," Righa akasema. "Jembe langu nitalifuta mimi mwenyewe. Usiipoteze mashine kwa sababu ya maharagwe yangu."

Mkawasi akamgeukia, brashi mkononi. Akamuuliza, "Huo mlango uliuona, mwanangu, au uliambiwa?"

"Niliuona, Mama. Niliushika kwa mkono wangu huu."

Mkawasi akaiweka brashi juu ya debe. Akamwambia aende nyumbani akalale. Yeye akaketi mlangoni pa mashine mpaka giza likaingia, akifikiri, na alipoinuka alikuwa amepata njia yake. Asubuhi alituma ujumbe kwamba hatafuta kitu mpaka aambiwe na baraza la wazee wa vilima vyote, kwa kuwa mambo ya mfereji ni ya baraza.

Mwachofi alifurahi kusikia hivyo. Wazee wengi wa baraza walikuwa wamekula kabichi zake. Siku ilipofika wakili alisimama, akasema maneno mengi yenye mikia mirefu, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa tayari kuamua kwamba maneno yale yamekatazwa, mpaka kesi isikilizwe baada ya uchaguzi.

Lakini nchi ile ina desturi yake ya makatazo, nayo ni ya kale kuliko koti la wakili. Katazo halimfungi mtu mpaka mpiga mbiu asimame na pembe yake juu ya kila kilima, na alitaje waziwazi jambo linalokatazwa. Mababu walisema huwezi kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo hakuambiwa. Kwa desturi hiyo kulikatazwa kuchunga mbuzi karibu na chemchemi na kukata miti kando ya mfereji. Mwachofi mwenyewe alikuwa amepigisha mbiu mara nyingi, na kila mara watu walimtii, hata akaanza kuiona ile pembe kuwa ni yake.

Wazee wakamuuliza Mkawasi kama ana neno. Akasimama, unga ukiwa bado umeganda nyweleni.

"Wazee wangu," akasema, "mimi ni mtu wa mashine, sitaki kesi, na nikikatazwa nitatii. Lakini lisilotajwa halimfungi mtu. Pigeni mbiu. Mlitaje neno lote, kilima kwa kilima, nami nitaupaka ukuta chokaa kwa mkono wangu."

Mzee Mwandoe, mkuu wa baraza, alimtazama mwanamke huyo. Halafu akasema ndivyo desturi ilivyo. Wakili hakuona ubaya. Tena aliyatunga maneno ya mbiu yeye mwenyewe, neno kwa neno, kwa sababu wakili mzuri huogopa kuacha mwanya. Naye Mwachofi akainuka kwa kiburi akasema kwa sauti kubwa, "Ipigwe mpaka kilima cha mwisho! Asibaki hata mmoja wa kusema hakusikia!" Akaketi, akajipepea kwa kofia yake.

Mchana ule Mkawasi aliupaka ukuta chokaa kama alivyoahidi, kutoka pembe hii hadi pembe ile, na jembe la Righa likazama katika weupe. Righa alisimama kando akalia. Waliokuja kusaga waliona vibaya, wakamnong'oneza Mkawasi kwamba amesalimu amri. Aliosha mikono, akatega sikio kuelekea vilimani.

Ndipo pembe ikalia. Mnajua wenyewe: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Wanawake waliacha mchi kinuni. Wanaume waliokuwa wakijenga ua waliacha mti mmoja umesimama na mwingine umelala. Mpiga mbiu, Mghanga, alikuwa mtu wa kifua kikubwa, na hakuwa mtu wa kuongeza chumvi wala kuipunguza. Akapanda juu ya jiwe akaita:

"Sikieni, watu wa vilima! Ni marufuku kusema kwamba Mwachofi, mwenyekiti wa mfereji, ana mlango wa siri nyuma ya shamba lake la kabichi! Ni marufuku kusema kwamba mlango huo umefunikwa kwa majani ya migomba! Ni marufuku kusema kwamba maji ya zamu ya kilima cha chini huingia humo! Ni marufuku kusema kwamba kamati inajua!"

Akashuka, akaenda kilima cha pili, akasema yaleyale. Kisha cha tatu.

Kumbukeni kwamba neno la Righa lilikuwa limesomwa na wale tu waliosaga kwa Mkawasi. Vilima vingine vilikuwa na mashine zao, na watu wao hawakujua lolote. Nako pia maji yalikuwa yamepungua, na kila kilima kilidhani ni bahati yake mbaya. Sasa walisikia wote, na walisikia kwa pembe, kwa amri ya baraza, kwa maneno yaliyotungwa na wakili kutoka mjini. Kwenye kilima kimoja bibi mmoja mzito wa masikio alimuuliza jirani yake mpiga mbiu amesema nini.

"Tumekatazwa kusema, Bibi," jirani akajibu.

"Kusema nini?"

"Kwamba Mwachofi ana mlango wa siri wa maji."

"Alaa!" bibi akasema, akaichukua fimbo yake. "Uko wapi huo, nisije nikautaja bila kujua?"

Maana watu wa nchi ile ni watiifu, na mtu mtiifu hutaka kulijua katazo barabara asije akalivunja kwa bahati mbaya. Wakaanza kupanda. Walikwenda kwa utaratibu, na majembe yao begani na watoto wao mgongoni, kuuona mlango waliokatazwa kuutaja. Walifika nyuma ya shamba la kabichi, wakainua majani ya migomba, wakatazama, wakayarudisha majani mahali pake, wakawapisha waliokuwa nyuma yao. Hakuna aliyefungua kinywa. Nyuma ya shamba lile hapakuwa na njia. Ilipofika jioni palikuwa na njia pana, nyasi zimelala chini.

Mwachofi alitoka nyumbani akakuta safu ya watu isiyo na mwisho. "Mnatafuta nini shambani kwangu?" akafoka.

Yule bibi alikuwa mbele. "Hatuwezi kukuambia, Mwenyekiti," akasema. "Tumekatazwa."

Jioni hiyohiyo Mwachofi aliwaita vibarua wake, akaziba mlango kwa mawe na udongo, akashindilia, akatandaza nyasi juu. Masikini, hakufikiri. Maji uliyoyazibia mlango wa wizi hayarudi chemchemini. Yaliufuata mfereji, yakapita mlango baada ya mlango, na asubuhi, zamu ya kilima cha chini, Righa alisikia sauti ambayo alikuwa ameisahau. Akatoka mbio bila viatu. Maji yalikuwa yamejaa mfereji hadi ukingoni, yakiingia kwenye maharagwe yake, na alipiga kelele mpaka watoto wakadhani mama yao ameumwa na nyoka. Kilima kizima kiliteremka. Watu walisimama ndani ya maji na nguo zao, wakacheka, wakarushiana, na wanawake wakapiga vigelegele vilivyosikika hadi kwa wazee. Chemchemi iliyosemekana imepungua ilikuwa imepona kwa usiku mmoja, na kule juu kabichi zilianza kulegea shingo.

Baraza liliketi tena, bila kungoja uchaguzi upite. Mzee Mwandoe alimuuliza Mwachofi swali moja: maji haya yalikuwa wapi? Mwachofi alimgeukia wakili wake. Wakili alikuwa amekwisha kushuka mjini, na hakuaga. Basi wazee wakaliondoa katazo, hata wale waliokula kabichi.

Na desturi ni desturi. Katazo lililopigiwa mbiu huondolewa kwa mbiu, na jambo hutajwa lote kama lilivyotajwa mwanzo. Mghanga akaichukua pembe yake akapanda juu ya jiwe lilelile. "Sikieni, watu wa vilima! Sasa ni ruhusa kusema kwamba Mwachofi, mwenyekiti wa mfereji, ana mlango wa siri nyuma ya shamba lake la kabichi! Ni ruhusa kusema kwamba ulifunikwa kwa majani ya migomba!" Hakufika mbali. Watu walimdaka maneno kinywani wakayamalizia wenyewe kwa pamoja, kilima kikaitikia kilima, na kwa mara ya kwanza tangu apewe pembe hiyo Mghanga alishindwa kusikika kwa vicheko.

Uchaguzi ulipofika hakuna aliyelitaja jina la Mwachofi, wala halikuwa limekatazwa. Mwenyekiti mpya alipewa sharti kabla ya kupewa kiti: kila litakaloamuliwa na kamati liandikwe kwenye ukuta wa Mkawasi kabla wanakamati hawajanawa mikono. Na ule ukuta, jamani! Kwenye lipu ya kijivu mkaa ulisomeka na mtu aliyesimama karibu tu. Kwenye chokaa ya Mwachofi ulisomeka kutoka barabarani. Vilima vingine vilipoona hivyo, navyo vikapaka kuta zao chokaa na kuweka vikapu vya mkaa. Righa alirudi akachora jembe lake, kubwa kuliko la kwanza.

Siku moja Mwachofi mwenyewe alikuja kusaga. Alisimama mbele ya ukuta, akamwomba Mkawasi afute habari zake, kwa kuwa mambo yamekwisha. Mkawasi alimwambia, bila ukali, kwamba pale hakuna kufuta, kuna kujibu, na mlango hajafungiwa mtu, hata yeye. Akamsogezea kikapu. Mwachofi akachukua kipande cha mkaa, akasimama nacho kwa muda, akakirudisha, akaenda kushika zamu yake kwenye foleni.

Ninyi mnaonisikiliza, ukuta huo leo mnao mifukoni, mkiugusa unawaka. Na wenye madebe ya chokaa hawajaisha, wala makoti meusi hayajaisha. Watawaambia ni heshima ya mtu wanayoilinda, na heshima ya mtu ni kitu kikubwa, mimi sikatai. Basi kabla hamjaanza kufuta, jiulizeni hivi: kikapu cha mkaa kilikuwa pale chini ya ukuta tangu mwanzo, bure, kwa kila mtu; sasa, kama neno la Righa lilikuwa uongo, kwa nini Mwachofi alikwenda hadi mjini kutafuta chokaa?